Maswali na majibu: kupanda miche kwa mashine ndani ya kitalu nyumba

Assalaam alaykum, Bwana Shamba. Kitalu changu ni mita 8 kwa 15, nalima saladi za mahoteli. Ninunue mashine ya kupandia? (Bambi)

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Ya kukokotwa na trekta iache, hata pa kuigeuzia huna. Ukitoa njia unabaki na mita za mraba 80 hivi za matuta; kwa nafasi ya sentimita 20 kwa 20 ni miche 2,000, na watu wawili huimaliza kwa siku. Kinachokufaa ni bomba la mkono: unasimama wima, unatumbukiza mche juu, unabana mpini, mdomo wa chini unafunguka mche ukae. Kiuno kitakushukuru.

Ile mashine ya Kijapani ya kupandia miche ya vikopo vya karatasi, ni kweli haina injini? Nipo Makunduchi.

Kweli. Vikopo vimeungana kama mnyororo, 264 kwa trei. Unavuta kigari nao unajikunjua ndani ya mfuo. Ila inataka udongo laini, na kwenu ni mawe matupu. Labda kwa matuta ya udongo wa kuletwa, uliochekechwa.

Nusu ya matundu ya trei hayaoti saladi. Mbegu mbovu? (Mwera)

Pengine ni joto, dada yangu, na hapa ndipo penye kazi yote. Mbegu ya saladi ikizidiwa na joto la nyuzi 30 hulala, haioti. Kaskazi hii usiweke trei chini ya plastiki. Sia jioni, funika udongo kiduchu tu, weka kivulini penye upepo. Zikichomoza tu, zipeleke penye mwanga, la sivyo zitarefuka na kulegea. Mashine yoyote ya kupandia inategemea trei iliyojaa miche iliyolingana: tundu tupu linakuwa pengo tutani. Kabla ya kupanda, chomoa mmoja. Udongo utoke mzima, umekamatwa na mizizi myeupe. Ukimomonyoka, ngoja siku chache.

Makumbi yaliyofukiwa pwani yanafaa kujazia trei? (Wete)

Unga wake unafaa, lakini umenywa chumvi ya bahari, na chumvi huunguza ncha za majani ya miche. Uoshe kwa maji ya mfereji (ya bomba) mara kadhaa, uukamue, kisha changanya na samadi iliyooza vizuri.

Na mchicha?

Wa kung'oa, sia moja kwa moja tutani. Wa kuchuma majani, atika miche.