Muhuri wa Kichochoroni na Dawa za Bahasha ya Kaki

*Kadi yangu ya homa ya manjano imeandikwa inaisha 2019. Nichanjwe tena kabla ya kwenda Mumbai? (Msafiri, Kasarani)*

La. Tangu Julai 11, 2016 sindano moja ni ya maisha, hata kwa kadi za zamani. Nimelijibu swali hili hadi nimechoka. Hakikisha tu jina lililo kwenye kadi ni lile lile la pasipoti.

*Nasafiri Ijumaa kumpeleka mzee hospitali Delhi. Kuna kijana hapa mjini anagonga muhuri bila sindano na ni mwaminifu. Nimtumie pesa? (Mwenye haraka, Embakasi)*

Mwaminifu kwa nani? Kadi huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo hata ukichanjwa leo, kufikia Ijumaa siku hizo hazijatimia. Najua kijana wako atarudisha tarehe nyuma. Wahindi nao wanaijua michezo hiyo. Kwao mbu aina ya Aedes wamejaa na dengue inawasumbua, lakini homa ya manjano hawana. Akishuka mgonjwa mmoja, mbu wa kuisambaza wako tayari. Ndiyo sababu anayetoka Kenya bila kadi halali anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Mzee ana miadi na daktari, na wewe msindikizaji umefungiwa: hapo umeokoa shilingi ngapi? Usiniambie ugonjwa wenyewe ni hadithi, maana Isiolo uliwapata watu 2022.

Sogeza tiketi. Na kama mzee amepita miaka 60 na hajawahi kuchanjwa, daktari amwone kwanza. Chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa, haichomwi kiholela.

*Tangawizi na kitunguu saumu vinatosha badala ya vidonge vya malaria? (Kawangware)*

Havitoshi. Tia tangawizi kwenye chai.

*Mwanangu yuko Manchester mwaka wa tisa sasa. Anakuja Desemba twende Siaya. Anasema damu yake ni ya nyumbani, malaria haimuwezi. (Mama, Kayole)*

Mama, mwambie kinga ya malaria hairithiwi pamoja na jina la babu. Hujengwa kwa kuumwa na mbu wenye vimelea mara kwa mara, na mtu akikaa mbali inapungua. Hata sisi wa Nairobi, huku juu karibu mita 1,700 ambako malaria ni haba, tusijipige kifua tukishuka huko Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Aonane na daktari huko huko, aanze vidonge kabla ya safari na aendelee navyo akisharudi. Vingine ni siku 7 zaidi, vingine wiki 4. Wengi huviacha siku wanayopanda ndege kurudi, na hapo ndipo wanapoumbuka.

Akishikwa na homa Januari, daktari wa Uingereza katikati ya baridi atafikiria mafua. Aseme mwenyewe, bila kungoja kuulizwa: "Nimetoka Kenya." Apimwe damu siku hiyo hiyo, hata kama vidonge alimeza vyote. Asikae kitandani akibugia Panadol.

*Naenda kazi Dubai. Nina dawa za presha na za mgongo za miezi mitatu, kemisti amenifungia vizuri. (Eastleigh)*

Najua alivyokufungia: bahasha ya kaki, "1x3" kwa kalamu ya bluu, jina la dawa hakuna. Afisa wa forodha asome nini hapo? Rudi akupe pakiti zenyewe, kisha daktari akuandikie barua. Hizo za mgongo zichunguze vizuri. Tramadol na kodeini, ambazo hapa watu huzitafuna kama peremende, Falme za Kiarabu huziingizi bila kibali cha mamlaka zao, na kibali huombwa kabla ya safari. Bila hicho utajieleza kwa polisi. Dawa za presha kaa nazo kwenye mkoba, masanduku hupotea.

*Insulini ya mama niiweke kwenye sanduku kubwa ili tusisumbuliwe kwenye ukaguzi? (Lang'ata)*

Usithubutu. Kule chini ya ndege baridi inaweza kuigandisha, na insulini iliyoganda ni ya kutupwa hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Mama akae nayo mkononi, na barua ya daktari juu yake.