Kutembea kama zoezi kuu: jibu kutoka Mtwara kwa anayetaka kupunguza uzito

Ndugu mleta mada ameeleza kwamba ana kilo 92, kazi yake ni ya kukaa, daktari amemwambia presha imeanza kupanda, fedha ya ukumbi wa mazoezi hana, na magoti yake hayamruhusu kukimbia. Anauliza kama kutembea peke yake kunaweza kumpunguza uzito au ni kujichosha bure. Baadhi ya waliotangulia kuchangia wamemjibu kwamba bila kukimbia hakuna kitu. Mimi ni mkazi wa Mtwara mjini, nami nashinda mezani, na kutembea ndilo zoezi langu kuu kwa miaka kadhaa sasa. Nilipoanza uzito wangu ulikaribiana na wake, na ndani ya mwaka na miezi kadhaa nilipungua zaidi ya kilo kumi ambazo mpaka leo hazijarudi. Jibu langu ni kwamba kutembea kunatosha, mradi atembee kwa kasi, na mradi asiitwishe miguu kazi ambayo ni ya sahani.

Nianze na kasi, kwa sababu hapo ndipo wanapokwama wengi wanaosema, "Sisi tunatembea kila siku na hatupungui." Kutoka nyumbani hadi sokoni, ukisimama kumsalimu huyu na kuulizia bei ya samaki kwa yule, ni jambo jema na ni bora kuliko kukaa, lakini moyo hauombwi kazi yoyote ya ziada. Kipimo ninachokitumia hakihitaji chombo chochote zaidi ya saa ya simu. Nikishapata joto la mwili, natazama saa, kisha nahesabu mguu wa kulia tu unapogusa chini; nikifikisha 50 ndani ya dakika moja, maana yake nimepiga hatua 100, na hicho ndicho kiwango ambacho kwa watu wazima wengi kutembea huanza kuhesabika kuwa zoezi la wastani. Kipimo cha pili ni pumzi: unapaswa kuweza kumjibu mwenzako kwa sentensi nzima, lakini ukijaribu kuimba ushindwe. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukishindwa hata kujibu salamu, punguza.

Watu wakitaka kuongeza kasi huwa wanarefusha hatua, na hapo ndipo nyonga na visigino vinapoanza kulalamika. Kasi inapatikana kwa hatua fupi zinazofuatana upesi. Kunja mikono kwenye viwiko na uiache ipishane na miguu, tanguliza kisigino, malizia kwa vidole kuisukuma ardhi nyuma, na macho yatazame mbele badala ya kutazama chini. Mwanzoni utajisikia kama unaonekana wa ajabu barabarani, na baada ya muda mfupi hutakumbuka kwamba uliwahi kutembea namna nyingine.

Kuhusu muda, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2020 linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano, na si lazima nusu hiyo iwe ya mfululizo. Robo saa asubuhi na robo saa jioni zinahesabika vilevile. Nalisema hili kwa sababu kuna mchangiaji aliyesisitiza hatua 10,000 kwa siku, la sivyo usijisumbue. Idadi hiyo ilipata umaarufu kutokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, na wala haikutokana na uchunguzi wa kitabibu. Utafiti uliofuata umeonyesha kwamba faida huanza kuonekana mapema zaidi, na kwa watu wenye umri wa miaka 60 na kuendelea sehemu kubwa ya faida hupatikana kati ya hatua 6,000 na 8,000. Anayefika 10,000 na afike, lakini mtu wa kilo 92 mwenye magoti mabovu asikatishwe tamaa na namba hiyo.

Sasa nije kwenye sahani, ambako naomba nichukue nafasi kidogo. Mtu wa kilo 92 akitembea kwa kasi kwa saa nzima hutumia takribani kilokalori 300 hadi 400, na sehemu ya hizo angezitumia hata kama angekaa nyumbani. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takribani kilokalori 7,700. Kwa hesabu hiyo, anayetembea saa moja kwa siku tano za wiki bila kubadili chochote katika chakula atapunguza kama kilo moja kwa kipindi cha mwezi mmoja hadi wiki sita. Hayo si matokeo madogo ukiyatazama kwa mwaka mzima, ila ni matokeo yanayofutika kwa urahisi mno, hasa sisi tunaoishi katika mkoa wa korosho. Gramu 100 za korosho zina takribani kilokalori 550. Viganja viwili vya korosho za kukaanga, vile mtu anavyovimaliza huku akizungumza bila hata kutambua, vinarudisha saa nzima ya kutembea. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina kama kilokalori 150, na sijui ni wangapi kati yetu wanaomaliza matembezi ya jioni kwa kuagiza soda baridi kwa kuwa "leo nimefanya zoezi."

Sisemi korosho ni adui. Mafuta yake ni ya aina nzuri kwa moyo, ina protini, na ni fahari yetu. Nilichofanya ni kuacha kula kutoka kwenye mfuko: natoa kiganja kimoja, naweka kwenye kisahani, mfuko unarudi kabatini. Msimu unapofika na nyumba kujaa korosho, ndipo utaratibu huu unaponisaidia kuliko wakati mwingine wowote. Vilevile nilipunguza ukubwa wa tonge la ugali wa muhogo na kuongeza kisamvu na samaki, nikaacha sukari kwenye chai hatua kwa hatua, na vitumbua vikawa vya siku maalumu. Ming'oko, yaani viazi pori vya huku kwetu, bado naila ikipatikana, lakini inakaa mahali pa ugali au wali. Haiwi nyongeza juu yake.

Kwa upande wa kupima maendeleo, namshauri ndugu yetu asiutegemee mzani peke yake, kwa kuwa mzani hupanda na kushuka kwa maji, chumvi na chakula cha jana. Anunue futi ya fundi cherehani. Aipitishe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa juu wa nyonga, atoe pumzi bila kukaza tumbo, asome. Kwa mwanamume, kiuno cha kuanzia sentimita 94 ni dalili kwamba hatari ya magonjwa ya moyo na kisukari imeongezeka, na zaidi ya 102 imeongezeka sana. Kwa mwanamke mipaka hiyo ni 80 na 88. Mimi kuna kipindi mzani uliganda kabisa huku mkanda wa suruali ukiendelea kusogea tundu moja baada ya jingine, na kama ningeutazama mzani tu, huenda ningeacha. Presha nayo huitikia kutembea hata kabla ya uzito kushuka kwa kiasi cha kujivunia, ingawa hilo halimpi mtu ruhusa ya kuacha dawa alizoandikiwa. Dawa zinapunguzwa na daktari baada ya vipimo.

Mahali pa kutembea tunapo, na katika hili Mtwara imebarikiwa. Mji kwa sehemu kubwa ni tambarare, magari si mengi kama ya Dar es Salaam, na mtu akitoka Ligula kuelekea Shangani anapata barabara yenye miti, mwishoni akiwa na bahari. Lakini wanaopanga kutembea ufukweni kila siku wajue mambo mawili. La kwanza, mchanga ulio mgumu wa kutembelea unapatikana maji yakiwa yamepwa, na saa ya maji kupwa husogea mbele kwa takribani dakika 50 kila siku. Ukipanga saa kumi na mbili asubuhi ufukweni wiki hii, wiki ijayo utakuta maji yamejaa hadi juu, umebaki na mchanga laini unaozamisha kifundo cha mguu. La pili, ufukwe una mteremko, kwa hiyo mguu mmoja unakuwa chini ya mwingine wakati wote. Ukienda mbali upande mmoja kisha ukarudi kwa barabara, nyonga moja itauma. Rudi kwa njia ileile ya mchanga ili kila mguu upate zamu yake. Mimi ufukwe nauweka mwisho wa wiki, siku za kawaida natembea barabarani, upande wa kulia ili magari yanayokuja niyaone usoni.

Joto letu lina unyevu, hasa miezi ya kaskazi kuanzia Novemba hadi Machi, na hewa yenye unyevu huzuia jasho kukauka, ambapo kukauka kwa jasho ndiko kunakoupoza mwili. Kwa kuwa tuko mashariki kabisa mwa nchi, jua linatuwahi; Novemba na Desemba saa kumi na mbili asubuhi tayari limeshachomoza. Anayeweza atoke saa kumi na moja na nusu, au asubiri jioni baada ya saa kumi na moja. Kusi likianza kuvuma, mambo yanakuwa mepesi zaidi. Kwa wanaofunga Ramadhani, muda ulionifaa ni dakika ishirini au thelathini za mwendo wa kawaida zinazoishia karibu na adhana ya magharibi, ili maji na tende viwe tayari unapofika. Wengine hupendelea baada ya tarawehe.

Kuna shangazi mmoja mtaani kwetu mwenye kisukari ambaye kila akimaliza chakula cha usiku hujitanda kanga yake na kuzunguka mtaa kwa muda usiozidi robo saa, mara nyingi akiongozana na wakwe zake. Desturi hiyo ina msingi mzuri: misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, kwa hiyo kutembea muda mfupi baada ya kula hupunguza mpando wa sukari unaofuata mlo. Wanaotumia insulini au baadhi ya vidonge vya kushusha sukari wabebe kitu kitamu mfukoni, kwa sababu sukari inaweza kushuka kupita kiasi njiani, na waulize kituoni wanakotibiwa kabla ya kuongeza mazoezi. Kwa kina mama wanaohofia kutoka alfajiri peke yao, kutoka wawili au watatu ndiyo njia ninayoiona ikidumu.

Magoti ya mleta mada hayapaswi kumfungia ndani. Kwa watu wenye uzito mkubwa wenye maumivu ya magoti, imeonekana kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini huondoa mzigo wa takribani kilo nne kwenye goti kwa kila hatua. Avae raba zenye soli nene isiyolika upande mmoja; za mtumba zinafaa kabisa, ila azikunje kwanza dukani aone kama soli bado ina nguvu. Kandambili azivue. Na mara mbili kwa wiki afanye zoezi la kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kujishikilia kwa mikono, kwa sababu kutembea hakuimarishi mapaja kiasi cha kutosha, na mapaja ndiyo yanayolilinda goti. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, au goti kuvimba ni sababu ya kusimama na kwenda kumwona daktari.

Jambo ambalo huwa halisemwi ni watu. Hapa kwetu ukitembea kwa kasi bila mzigo wala safari, bodaboda atasimama, jirani atauliza kuna msiba gani, na mwenye gari atakuambia panda nikusogeze. Wote wanakusudia wema. Jibu kwa heshima kwamba uko kwenye zoezi na uendelee. Wiki chache tu watazoea, na wengine wataomba kuongozana nawe.

Kwa hiyo ndugu yangu, wiki ya kwanza toka nyumbani, tembea dakika kumi kwa mwendo wako wa kawaida upande wowote barabara ilipo salama, geuza, rudi. Fanya hivyo siku tano. Wiki ya pili usiongeze umbali, ongeza kasi katika zile dakika za kurudi mpaka mguu wa kulia ufike 50. Kuanzia wiki ya tatu ongeza dakika tano kwa wiki hadi ufikie nusu saa, kisha saa moja kama magoti yanakubali. Nafasi ikiruhusu, siku moja ya Jumapili jaribu barabara ya kwenda Mikindani, ambayo ni takribani kilomita 10 kutoka mjini, ukitoka mapema na ukiwa na chupa ya maji, na wakati wa kurudi panda daladala. Pima kiuno chako leo, uandike, kisha utuletee kipimo cha pili baada ya miezi mitatu.