Kidakatonge, na hilo "koo yangu"

Msomaji mmoja ameniandikia: "Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo yangu huitwa kidakatonge. Neno hili lina maana gani na limetokana na nini?"

Asili yake haijajificha. Ni kitenzi "daka" na nomino "tonge", vikatanguliwa na ki-, kwa utaratibu ule ule uliotupa kipazasauti, kifunguakinywa na kitindamimba. Waliolibuni walikiona kinyama hicho kimekaa langoni tonge linapopita, wakaona ndicho kinachodaka, ingawa kazi yake hasa wakati wa kumeza ni kunyanyuka pamoja na kaakaa laini na kuziba njia ya pua, chakula kisipande huko. Huitwa pia kimio, au kilimi, yaani ulimi mdogo, na yote matatu ni Kiswahili safi.

Lakini "koo yangu" siwezi kuipita kimya. Koo limo katika ngeli ya LI-YA: koo langu linauma, makoo yetu yanauma. Kosa linakotoka nakujua, kwani majirani zake pua na shingo huchukua "yangu" kwa haki, nalo koo halina ji- ya kulitambulisha kama jicho na jino. Hata hivyo tumbo, bega, goti na paja hayana hiyo ji-, na bado aliyefundishwa vizuri husema tumbo langu na goti langu. Koo limekosa nini hata linyimwe haki yake?

Uharibifu mkubwa zaidi uko kwenye wingi. "Koo zetu" ni neno halali kabisa, ila ni wingi wa ukoo. Mganga anayeandika kwamba koo za wagonjwa zichunguzwe ameagiza uchunguzi wa nasaba, babu kwa babu, wakati mgonjwa amekaa mbele yake na mafindofindo yaliyovimba, hawezi hata kumeza mate. Na anayelalamika kuwa "koo zetu zimekauka" ametangaza msiba wa jamaa nzima, ilhali anachohitaji ni maji ya kunywa.

Kwenye daladala nimeshachoka kusahihisha. Anayesema koo yake inamwasha apewe maji kwanza, sarufi itafuata. Lakini tangazo la redio la dawa ya kikohozi, lililoandikwa, likahaririwa, likarekodiwa na kulipiwa, halina udhuru wowote wa kutuambia kwamba dawa hiyo "hutuliza koo yako".