Wasomaji Wauliza: Maoni ya Mwananchi Huishia Wapi?

Barua za mwezi huu, nyingi zikiwa zimetoka Kenya, zinahusu namna serikali inavyotunga sera na kama sera hizo zinaweza kweli kuwafanya watu wa jamii mbalimbali waishi kwa maelewano. Tumechagua tano. Barua ya kwanza imejibiwa kwa urefu kuliko nyingine kwa sababu wasomaji wengi waliuliza jambo hilohilo kwa maneno tofauti.

Bwana Mhariri, kwa miaka kadhaa nimehudhuria vikao vya kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti yetu. Tunajaza karatasi ya mahudhurio, tunaomba barabara ya kwenda sokoni itengenezwe, tunapewa soda, kisha tunaagana. Bajeti ikitoka, barabara haimo. Ushirikishaji huu wa umma una maana gani?
*Msomaji, Nakuru*

Ndugu msomaji, tuanze na kalenda, kwa kuwa ndiyo inayowaponza wengi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaitaka kila kaunti iwasilishe mpango wake wa maendeleo wa mwaka katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, yaani miezi kumi kabla ya mwaka wa fedha wenyewe kuanza. Kufikia tarehe 28 Februari huwasilishwa waraka wa mwelekeo wa fedha, ambao ndio unaopanga kila sekta itengewe kiasi gani, na makadirio ya bajeti hufuata kufikia tarehe 30 Aprili ili yaidhinishwe kabla ya Juni kwisha. Wananchi wengi hujitokeza Aprili na Mei, makadirio yakiwa tayari mezani, na anayeomba barabara mpya wakati huo anaomba kitu ambacho hakiwezi kuingia mpaka kingine kilichokwisha kupangwa kitolewe. Barabara ya soko inapaswa kuombwa kabla ya Septemba, na ingekuwa vizuri zaidi kama ingeingizwa katika mpango jumuishi wa miaka 5 ambao gavana huandaa mwanzoni mwa kipindi chake, kwa sababu mpango wa mwaka hutolewa humo.

Upande wa sheria, ushirikishaji si hisani ya gavana wala ya mbunge. Ibara ya 10 ya Katiba ya 2010 inautaja miongoni mwa maadili ya taifa, Ibara ya 118 inalibebesha Bunge wajibu huo, na Ibara ya 196 inayabebesha mabunge ya kaunti. Mahakama zimeonyesha kwamba maneno hayo yana meno. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha sheria ya fedha ya Kaunti ya Kiambu kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka 2019, katika kesi iliyohusu kanuni za kudhibiti tumbaku, Mahakama ya Juu, iliyo ya mwisho nchini, ilisema kwamba ushirikishaji lazima uwe wa kweli, si wa kutimiza desturi tu. Mwaka 2022, katika uamuzi kuhusu mpango wa kurekebisha katiba uliojulikana kama BBI, mahakama hiyohiyo ilikataa nyongeza ya maeneobunge 70 kwa sababu wananchi hawakuwa wameulizwa kuhusu jambo hilo.

Swali lako hasa, hata hivyo, ni kama aliyeyapokea maoni yako analazimika kukujibu. Hapo mahakama zenyewe zimetofautiana. Julai 2024 Mahakama ya Rufaa ilibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023, na mojawapo ya sababu ilikuwa kwamba Bunge halikueleza kwa nini lilikubali maoni fulani na kuyakataa mengine. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi huo, ikisema kwamba Bunge halina wajibu wa wazi wa kutoa sababu, ingawa kufanya hivyo ni utaratibu mwema. Kwa maoni ya mwandishi wa safu hii, Mahakama ya Rufaa ilikuwa imeugusa uchungu wa mwananchi mahali penyewe. Mtu akikataliwa akaelezwa sababu, anaweza kununa lakini atarudi mwaka ujao, ilhali aliyenyamaziwa hutafuta njia nyingine. Itakumbukwa kwamba tarehe 18 Juni 2024 kamati ya fedha ya Bunge la Kitaifa ilikuwa imekwisha kuondoa kodi ya mkate na ya magari katika Mswada wa Fedha wa mwaka huo, na bado vijana walijaa barabarani. Tarehe 25 waliingia ndani ya majengo ya Bunge, watu wakapoteza maisha, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini mswada huo. Kusikilizwa kulikuja, lakini imani ilikuwa imekwisha kuondoka.

Kwa hiyo usiache kwenda, ila badilisha namna ya kwenda. Peleka maoni kwa maandishi, kwa jina la kikundi ikiwezekana, utaje ukurasa au kifungu unachotaka kibadilishwe, uandike maneno unayopendekeza yawekwe mahali pake, ueleze sababu kwa sentensi mbili tatu, na urudi na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Karani wa kamati anayepokea ombi la namna hiyo hulazimika kuliingiza katika ripoti, lakini malalamiko ya mdomo kuhusu barabara mbovu huishia kuandikwa kwamba wananchi walizungumzia miundombinu.

Mhariri, viongozi husema maendeleo hayana kabila. Mbona basi Kaskazini ya Kenya ilibaki nyuma hivi? Ilikuwa bahati mbaya au ilikuwa sera?
*Mwalimu wa historia, Isiolo*

Mwalimu, ilikuwa sera, na imeandikwa. Ukoloni uliifanya Kaskazini eneo lililofungwa, lakini serikali huru nayo ilitoa Waraka Nambari 10 wa mwaka 1965 kuhusu Usoshalisti wa Kiafrika, na ndani yake ikaeleza kwamba, ili uchumi wote ukue haraka, fedha za maendeleo zielekezwe kule ambako zitaongeza uzalishaji kwa wingi zaidi, yaani penye ardhi nzuri na mvua, penye usafiri na umeme. Hoja yenyewe ilionekana ya kiuchumi tupu, na hakuna kabila lililotajwa ili linyimwe. Lakini katika nchi ambayo jamii nyingi huishi kila moja katika eneo lake, sera inayochagua maeneo imekwisha kuchagua jamii, apende asipende aliyeiandika. Ongeza hapo sheria za hali ya hatari zilizodumu Kaskazini hadi 1991, na utaelewa kwa nini baadhi ya wazee wa huko husema wanasafiri kwenda Kenya wanapoenda Nairobi.

Katiba ya 2010 ilijaribu kulipa deni hilo kwa njia mbili. Kaunti zote 47 hupata kwa pamoja angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, na Ibara ya 204 iliunda Hazina ya Usawazishaji, inayotengewa nusu ya asilimia moja ya mapato kila mwaka kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa. Hazina hiyo ilipewa muhula wa miaka 20, Bunge likiwa na uwezo wa kuuongeza. Sehemu kubwa ya muda huo imepotea katika ucheleweshaji na kesi kuhusu nani azisimamie fedha, serikali kuu au kaunti. Ukiwa na wanafunzi wa kidato cha nne, wape nyaraka hizi mbili, ya 1965 na Ibara ya 204, wazisome pamoja.

Niliomba kazi katika kaunti nilikozaliwa. Nikaambiwa pembeni kwamba nafasi ni za wenyeji. Sheria inasemaje?
*Kijana, Uasin Gishu*

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaitaka bodi ya utumishi izingatie kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa watu wasiotoka katika jamii kubwa ya kaunti hiyo. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 nayo inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka jamii moja. Taasisi nyingi zimekiuka kiwango hicho, na Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa imelisema hilo zaidi ya mara moja katika ukaguzi wake. Omba majibu ya bodi kwa maandishi, kisha upeleke malalamiko kwa Tume. La kuambiwa pembeni ni gumu kulithibitisha, kwa hiyo andika tarehe na mahali ulipoambiwa ungali unakumbuka.

Ndugu Mhariri, huku kwetu Tanzania hatuna sheria za kuhesabu makabila kazini, na tumeelewana. Je, Kenya haiuchochei ukabila kwa kuuandika katika sheria?
*Msomaji, Tanga*

Ndugu yetu, hoja yako ina nguvu, ila nayo Tanzania haikuelewana kwa bahati. Kulikuwa na Kiswahili kufanywa lugha ya kufundishia shule za msingi, shule za bweni zilizowachanganya vijana wa mikoa mbalimbali, Jeshi la Kujenga Taifa tangu 1963, na watumishi wa umma kuhamishwa huku na huko. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila, na sheria ya vyama vya siasa ya 1992 ikakataza vyama vya kikabila, kidini na kimaeneo. Hizo zote ni sera, tena zilianza mapema. Kenya ilitunga sheria yake ya 2008 baada ya watu zaidi ya 1,100 kuuawa katika ghasia za uchaguzi, na wakati huo kutotaja kabila kungekuwa kufunika jambo ambalo kila mtu alikuwa ameliona.

Aidha, Zanzibar inatukumbusha kwamba mgawanyiko si lazima uwe wa kabila. Miafaka ya 1999 na 2001 ilitiwa saini na vyama viwili, CCM na CUF, na haikudumu. Yaliyofuata yalikuwa tofauti kwa utaratibu wake: Rais Amani Abeid Karume wa Zanzibar, aliyetoka CCM, na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF walikutana Novemba 2009, kisha jambo lenyewe likapelekwa kwa wananchi katika kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, ambapo karibu theluthi mbili ya wapiga kura walikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa iingie katika Katiba ya Zanzibar. Uchaguzi wa 2015 ulipofutwa, umoja huo ulikatika hadi mwishoni mwa 2020, lakini kifungu kilikuwa bado kimo katika katiba, na ndicho kilichotumika kuurejesha.

Mimi ni muuza mboga. Kila uchaguzi ukikaribia, wateja wa kabila jingine hunipita wakaenda kwa mtu wao. Haya mambo ya amani ni ya serikali tu, au sisi wadogo tuna nafasi?
*Mama wa Kongowea, Mombasa*

Mama, mfano wako uko sokoni hasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mji wa Wajir ulikuwa katika vita vya koo za Kisomali, na sokoni mwanamke wa ukoo mmoja hakuuza wala kununua kwa wa ukoo mwingine. Wanawake wachache, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi, ambaye baadaye, mwaka 2007, alipata tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood, walianza na jambo dogo: kila mwanamke wa ukoo wowote awe huru kuuza na kununua pale. Waliunda kamati ya kuliangalia soko kila siku, na ukitokea ugomvi, kamati inausuluhisha hapohapo. Soko lilipotulia ndipo walipowaendea wazee, na katika mkutano wa wazee waliyemtanguliza kusema alitoka katika ukoo mdogo kabisa, ambao hakuna aliyeuogopa. Mwaka 1993 wazee wakatoa Azimio la Al-Fatah, na mwaka 1995 kamati yao ya amani ikaingizwa katika kamati ya maendeleo ya wilaya, yaani ndani ya serikali. Utaratibu huo ulienea wilaya nyingine, na baada ya 2008 serikali iliupeleka nchi nzima.

Ulipofika kwingine, baadhi ya kamati zilianza kugombaniwa kwa ajili ya posho, na wanasiasa wakawaweka watu wao. Basi mkianza Kongowea, anzeni na sharti lenu la kuuziana na ratiba ya kulisimamia, mkiwa na wauzaji wa kila jamii iliyopo sokoni, na mfanye hivyo sasa, wakati hakuna kampeni. Mambo ya kujisajili na kuomba ufadhili yasubiri mpaka soko lenyewe liwe limeizoea kamati.