Mwanangu, ukitaka kujua kwao ni wapi, sikiliza lugha

Mwanangu,

Salamu zako zimefika. Umeuliza uanze na ipi kati ya filamu za Wachina wa ughaibuni, na kwa nini wahusika wake hata wakirudi kwao hawatulii.

Anza na Song of the Exile ya Ann Hui, ya mwaka 1990. Hueyin anatoka London mwaka 1973, masomo yamekwisha, anakwenda Hong Kong kwenye harusi ya mdogo wake. Yeye na mama yake, Aiko, hawaivi hata kidogo. Aiko ni Mjapani aliyeolewa na Mchina. Wanapokwenda pamoja Beppu, Japani, zamu inageuka: sasa binti ndiye asiyesikia lugha. Itazame vizuri sehemu ya shamba la nyanya. Mkulima anampigia Hueyin kelele, naye Hueyin anatimua mbio. Kumbe anaonywa kwamba zile nyanya zimepigwa dawa. Ukiwa mgeni wa lugha, hata anayekutakia mema unamwona adui, na hivyo ndivyo Aiko alivyoishi Macau kwa wakwe zake. Naye Aiko, aliyeililia Japani miaka yote, akishafika analalamika kwamba chakula ni cha baridi, anatamani supu ya moto ya Kikantoni. Jibu la swali lako la pili limo humo kwenye supu.

Angalia usipotee: filamu hii inarudi nyuma bila kutangaza. Maisha ya Macau yanaonekana kwanza kwa macho ya mtoto, mama akiwa mkavu. Baadaye yanarudi kwa macho ya mama, naye ni mpweke. Ukiona nyumba ileile tena, jiulize sasa anayekumbuka ni nani.

Ya pili ni Comrades: Almost a Love Story ya Peter Chan, 1996. Hapa wengi huharibikiwa kabla hawajaanza, kwa sababu huchukua toleo lililoingizwa sauti za Kimandarini, lugha rasmi ya China, tupu. Tafuta lenye Kikantoni, lugha ya watu wa Hong Kong, kisha lipime pale mgahawani McDonald's: kijana ametoka China bara mwaka 1986, Kikantoni kinampiga chenga, wakati msichana wa kaunta anakimwaga kama mzaliwa. Wote wakisikika sawasawa, toleo hilo achana nalo, maana siri yenyewe ni kwamba msichana naye ametoka bara, Guangzhou, na anaficha. Ndiyo maana biashara yao ya kanda za nyimbo za Teresa Teng, mwimbaji wa Taiwan, inadoda sokoni msimu wa Mwaka Mpya: wa bara wanampenda, lakini kununua hadharani ni kujianika kwamba umetoka bara.

Tarehe nazo ziweke kichwani. Uingereza na China zilitia saini mwaka 1984 kwamba Hong Kong, koloni la Waingereza, itarudishwa China tarehe 1 Julai 1997. Filamu hizi mbili zilitengenezwa katikati ya hapo, watu wa Hong Kong, kwa hofu ya siku hiyo, wakipanga foleni za viza za Kanada na Australia. Wachambuzi wanaohesabu masanduku na viwanja vya ndege tu, bila kusikiliza lugha, mimi huwapita.

Chan Is Missing ya Wayne Wang, 1982, iache mwisho. Ni nyeusi na nyeupe, ya bajeti ndogo sana, ya mtaa wa Wachina wa San Francisco. Madereva wawili wa teksi wanamtafuta Chan aliyetoweka na dola zao 4,000, na kila wanayemuuliza anamweleza Chan mwingine kabisa. Usikae ukingoja apatikane.

Mama yako