Nani kakuelekezea? Maswali yenu kuhusu linki

Linki na kiungo ni kitu kimoja? (Msomaji, Tanga)

Kimoja. Kiungo ndilo neno la vitabuni, ila mimi nasema linki. Ukimwambia mteja wa Kariakoo "tovuti yako haina viungo", atadhani unamsema pilau, au unasikitikia timu yake haina mtu wa kati.

Nikibofya linki, nini hasa kinatokea? (Msomaji, Dodoma)

Nyuma ya yale maneno ya bluu kuna mstari kama huu:

`<a href="https://example.com/bei">bei za vitenge</a>`

Ndani ya alama za kunukuu ndimo ilimo anwani. "Bei za vitenge" ndiyo unayoiona wewe. Kivinjari kinasoma anwani, kinaitafuta seva yake (kompyuta inayoitunza tovuti hiyo), kinaomba ukurasa wa "bei". Upo, unaletewa. Haupo, unarudishiwa namba 404. Ukurasa ulikobofya hauhusiki tena. Umeshakuonyesha njia, basi.

Kuna tovuti imeweka linki ya kuja kwangu bila kuniuliza. Hii ni sawa? Na mbona sikupewa taarifa? (Mwenye duka la mtandaoni, Mombasa)

Ni sawa, na ndivyo mtandao ulivyoundwa. Ted Nelson, Mmarekani aliyebuni neno haipateksti (maandishi yanayounganishwa kwa linki) miaka ya 1960, alitaka linki ionekane pande zote mbili: anayeelekeza na anayeelekezewa wajuane. Tim Berners-Lee, alipopendekeza wavuti pale CERN, maabara ya fizikia ya Geneva, mwaka 1989, aliridhika na linki ya upande mmoja. Ni kama kumwambia mgeni "shuka kituo cha msikitini, nyumba ya tatu, geti la bluu". Humpigii mwenye geti kumwomba ruhusa. Ingekuwa lazima kuomba, sidhani kama wavuti ungefika mbali.

Gharama yake ni kwamba mwenye nyumba akihama, maelekezo yanabaki vilevile midomoni mwa watu. Niliwahi kumhamishia tovuti mteja mwenye nyumba ya wageni, nikabadilisha anwani za kurasa zote usiku mmoja, nikasahau kuweka 301, yaani ule uelekezaji wa kudumu unaoiambia seva "aliyekuja huku mpeleke kule". Kulipokucha, blogu za wasafiri zilizokuwa zikimletea wageni zilikuwa zinawagongesha ukuta. Siku mbili nzima nilikaa nikizirudisha anwani moja baada ya nyingine, na hela ya kazi hiyo sikuthubutu kuidai.

Kujua nani kakuelekezea, jisajili Google Search Console. Ni bure, na ina sehemu inayoorodhesha tovuti zenye linki za kuja kwako. Hizo ndizo mafundi wanaziita baklinki.

Kijana mmoja ananiuzia baklinki 500 kwa elfu hamsini. Nichukue? (Msomaji, Mwanza)

Elfu hamsini yako ina kazi nyingine.

Mwaka 1996 Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa Stanford, walikuwa na mradi ulioitwa BackRub, uliokuja kuzaa Google. Wazo lao: linki ni kama kura ya kuupandisha ukurasa kwenye matokeo ya kutafuta, lakini kura hazilingani. Ukurasa unaoelekezewa na wengi, neno lake lina uzito. Na uzito huo unagawanywa kwa linki zote zilizomo ndani yake. Sasa piga hesabu. Kurasa 500 zisizotembelewa na mtu, kila mmoja umejaza linki mia za wateja wa kijana huyo. Wewe unapata nini hapo? Zaidi ya hapo, tangu Aprili 2012 Google wamekuwa na mchujo uliopewa jina la Penguin, uliozishusha tovuti nyingi zilizonunua kura za namna hii.

Andika kitu ambacho mtu atataka kukirejea: ratiba ya boti inayosasishwa kweli, bei za mahindi za wiki hii. Ndiyo, inachosha.

Nikijiwekea linki Wikipedia je? (Msomaji, Nakuru)

Linki za nje kule hubandikwa alama ya `nofollow`, iliyoanzishwa 2005 kupambana na linki za takataka zinazobandikwa kwenye maoni ya blogu. Inaiambia mitambo ya kutafuta isiihesabu linki kama kura. Wasomaji wanaweza kuja, kura usiitegemee. Na wahariri wataifuta.

"Bofya hapa" ina ubaya gani? (Msomaji, Arusha)

Asiyeona anayetumia programu ya kumsomea skrini anaweza kuomba orodha ya linki zote za ukurasa. Atasikia "bofya hapa, bofya hapa, bofya hapa". Google nao huyasoma maneno yaliyo juu ya linki ili kujua ukurasa unaoelekezwa unahusu nini. Mwaka 2003 watu walikubaliana kuweka maneno ya Kiingereza yenye maana ya "aliyeshindwa vibaya" juu ya linki za kwenda kwenye wasifu wa Rais George W. Bush. Ukiyatafuta Google, wa kwanza alikuwa yeye, ilhali wasifu wenyewe haukuwa na maneno hayo popote.