Mtihani wa leseni: soma namba pamoja na kazi yake

Waalaykumu salaam mdogo wangu wa Wete. Umeuliza uzifanye nini kurasa zote hizo za "mambo yanayotoka sana" ulizotumiwa na wenzako, na mtihani wa leseni ya utabibu ndio huo unabisha hodi. Nami nilizisoma kama hizo nikiwa Unguja, na baadaye nimekaa na wadogo zangu wengi wakijiandaa, basi nakujibu kwa niliyoyaona.

Kwanza zipunguze. Kila ukurasa uulize: mgonjwa huyu akicheleweshwa saa moja, atakufa? Kama ndiyo, uweke mbele. Kutokwa na damu baada ya kujifungua, kifafa cha mimba, kichanga asiyepumua, mtoto aliyeishiwa maji, malaria kali, sukari iliyoshuka. Maradhi adimu yenye majina ya madaktari wa Ulaya yatangoja.

Halafu, namba usiihifadhi peke yake. Chukua magnesiamu salfeti, dawa ya kifafa cha mimba. Karibu kila mtu anakuimbia: gramu 4 za mshipani polepole, gramu 10 za msuli, 5 kila tako, kisha 5 kila baada ya saa 4. Vyema. Sasa suala linakuja hivi: mama ameshapata dozi ya kwanza, anapumua mara 8 kwa dakika, ukimgonga goti mguu hautikisiki, na kwa saa 4 ametoa mkojo mililita 60 tu. Utafanya nini? Aliyehifadhi dozi tu atakwama hapa. Anayejua kuwa dawa hii hutolewa na figo, na kwamba ikizidi mwilini hupoteza kwanza mruko wa goti kisha ndiyo huzima pumzi, jibu analo: dozi inayofuata inasimama, mama anasaidiwa kupumua, na anapewa kalsiamu glukoneti gramu 1 mshipani polepole. Hapo ndipo masharti matatu yanapokaa kichwani bila kulazimishwa: pumzi zisipungue 16, goti liruke, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Ukiielewa dawa hii kwa namna hiyo, umepata njia ya kusomea nyingine zote.

Kwa watoto, tazama umri kabla ya kitu chochote. Pumzi za haraka kwa dakika ni kuanzia 60 kwa aliye chini ya miezi 2, 50 kwa miezi 2 hadi 11, 40 kuanzia mwaka mmoja hadi mitano. Aliyeishiwa maji vibaya hupewa maji ya mshipani, mililita 100 kwa kila kilo: chini ya mwaka, 30 kwa saa 1 na 70 kwa saa 5, mkubwa zaidi, nusu saa na saa 2 na nusu. Maji ni yale yale, kinachobadilika ni muda.

Malaria kali tuisome zaidi sisi wa visiwani. Tangu dawa mseto zilipoanza kutumika Zanzibar mwaka 2003, pamoja na vyandarua, ugonjwa umepungua sana, alhamdulillahi, na mwanafunzi anaweza kumaliza wodi hajaiona vya kutosha. Mtihani hautazami hilo. Artesuneti, sindano ya malaria kali, ni miligramu 2.4 kwa kilo, lakini mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa 3. Mara ya kwanza, saa ya 12, saa ya 24.

Namna ya kurudia: tafuta wenzio wawili, mkae barazani baada ya Isha, madaftari yamefungwa. Mmoja asome kisa, mwengine ajibu kwa sauti na aseme kwa nini. Kilichokukwamisha kiandike kwenye kikaratasi, ukirudie kesho, kisha keshokutwa, kisha wiki ijayo. Ukija Unguja kwa boti vikaratasi hivyo vitie mfukoni. Safari ile inatosha kuvipitia vyote.

Na kichocho usikiruke kwa kuwa umekizoea. Chetu ni cha njia ya mkojo, konokono wake ni Bulinus, dawa ni prazikwanteli miligramu 40 kwa kilo, na kikikaa miaka mingi huweza kuleta saratani ya kibofu.